Siku Baba Alipolala Kifudifudi Wutai

Daktari wa meno wa mwanangu, kule Golden Valley, Minnesota, ameweka kichwa cha Buddha mapokezini. Kichwa tu, kimekatwa shingoni, kimekaa kati ya vipeperushi vya kunyoosha meno na bakuli la pipi zisizo na sukari. Pembeni yake kuna kichombo cha umeme kinachotoa mvuke wenye harufu ya udi na mierezi, ili watoto, kama alivyonieleza dada wa mapokezi, wajisikie watulivu kabla ya kuguswa meno. Mwanangu hakujisikia mtulivu. Alilia kama anavyolia siku zote. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kochi nikiwa nimebana pua, maana harufu ile ilinirudisha kwenye mlima ninaoudharau tangu nikiwa na miaka kumi. Hapana, niseme vizuri. Mlima haukunikosea chochote. Ninayemdharau ni mtu aliyetupeleka.

Ninyi mliokulia kama mimi kwenye yale maghorofa ya Brooklyn Park mnakumbuka kwamba kila nyumba ilikuwa na jina moja la kuogopwa. Kwetu jina hilo lilikuwa Craig. Baba alikuwa injinia. Alizaliwa Lushoto, akaja Minnesota kusoma kwenye chuo cha Kilutheri, akabaki, akapata kazi kwenye kampuni moja ya Golden Valley iliyotengeneza mashine za kufungasha vyakula. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa zinaombwa na kampuni, na barua zote za kampuni zilipita mikononi mwa Craig, bosi wake. Basi nyumbani kila mazungumzo yaliishia na maneno yale yale: mpaka Craig asaini. Kuhama kwenye ghorofa lile lililonuka zulia bichi, mpaka Craig asaini. Kwenda Lushoto kumwona Bibi, mama yake baba, aliyekuwa ameanza kuugua, mpaka Craig asaini. Nilidhani Craig ni kiongozi wa serikali. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza nilikuta mtu mrefu mwenye magoti mekundu, kavaa kaptula, anachoma soseji uani kwake huku akimfundisha baba namna ya kupumua.

Kupumua ndiko kulikokuwa kumemwingia mwaka ule. Kabla yake ilikuwa baiskeli, na kabla ya baiskeli ilikuwa mvinyo. Sasa alikuwa amesoma vitabu viwili vitatu, akanunua mto wa kukalia, na akawa anafumba macho katikati ya mikutano ya kazi, watu wakamsubiri afumbue. Baba alitusimulia hayo mezani bila kucheka. Mama alicheka kwa niaba yake.

Kiangazi kile mama alikuwa tayari ameomba likizo hospitalini Coon Rapids, alikokuwa muuguzi, ili twende Lushoto. Lakini kampuni ilikuwa imeuza mashine kubwa kwa kiwanda kimoja karibu na mji wa Taiyuan, huko Uchina, na Craig akamwambia baba aende akaifunge. Tena akamwambia achukue familia, kwa sababu yeye naye angekwenda na mkewe, Linda, na kwa sababu karibu na pale kulikuwa na mlima mtakatifu wa Wabuddha ambao alikuwa anautamani. Aliyasema hayo kama mtu anayetoa zawadi.

Niliwasikia wazazi wangu jikoni.

"Baba Penina, mama yako anaumwa," mama alisema.

"Najua."

"Sasa sisi Uchina tunafuata nini?"

"Mashine ikiwaka, Craig anasaini. Akisaini, Krismasi tuko Lushoto, hata mwezi mzima."

Mama alifungua bomba la maji kwa nguvu, jambo ambalo kwetu ndilo lililokuwa jibu.

Taiyuan ilikuwa moto kama ndani ya oveni. Baba alikuwa kiwandani kutwa nzima, anarudi na mashati yaliyochorwa ramani za chumvi mgongoni. Craig alikwenda kiwandani mara mbili, akapigwa picha na kofia ngumu, akarudi hotelini akisema joto linamnyima umakini. Wiki ya tatu akatangaza kwamba sote tungepanda mlimani kwa siku tano tukapunge upepo, halafu turudi Jumatatu, siku mashine itakapowashwa mbele ya wateja. Baba alisema bado kuna sehemu hajazimaliza. Craig akamwekea mkono begani, akasema sehemu hizo zingemsubiri.

Mlima wenyewe unaitwa Wutai, na maana yake, tuliambiwa, ni majukwaa matano, kwa kuwa una vilele vitano vilivyokaa bapa juu kama meza. Bondeni kati ya vilele kuna mahekalu mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na mnara mweupe mkubwa wenye umbo la chupa. Nakiri ulikuwa mzuri. Ulikuwa na baridi ya Julai, baridi tamu, ya kufunga vifungo hadi shingoni. Wachina wa kawaida walikuwa wamejaa, wamekimbia joto la miji yao kama sisi, wamebeba watoto na matikiti maji, wanakodi makoti marefu ya kijani kama ya wanajeshi kwa ajili ya kupanda vileleni. Walikuwa wanakula, wanacheka, wanasali, wanapiga picha, yote kwa pamoja, na hakuna aliyeona haya. Craig aliwaona wana kelele. Alikuwa amevuka nusu ya dunia kwenda mahali patakatifu, na kilichomuudhi ni kuwakuta wenye utakatifu wao.

Siku ya kwanza alinunua joho la kijivu kwenye kibanda kimoja. Siku ya pili alitangaza kwamba kila siku, kuanzia baada ya kifungua kinywa hadi mchana, atakuwa kimya. Na kweli alikaa kimya. Badala ya kusema, aliandika. Alikuwa na kitabu cha karatasi za njano, akawa anachana moja moja na kumpa baba. *Waulize kama wana kahawa halisi.* *Mwambie dereva azime redio.* *Linda anaumwa kichwa, tafuta dawa.* Baba hakujua Kichina, lakini alikuwa amejifunza maneno machache kiwandani, basi akawa anatoka na kikaratasi mkononi na kwenda kuhangaika kwa ishara. Nilisimama dirishani nikamwona anamwigizia mwenye nyumba ya wageni mtu anayekunywa kahawa. Sijawahi kumwonea mtu haya kama nilivyomwonea baba yangu dakika ile.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa dogo. Tulikuwa tumesimama kwenye kilele kimoja, upepo unatuvuta makoti, ukungu unapita chini yetu. Kimya cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha. Craig akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akasema, "Elia, umewahi kuona hewa ya namna hii maishani mwako?"

Baba akasema, "Hapana."

Nilimtazama. Huyu ni mtu aliyekuwa akinisimulia kila nilipokwenda kulala kwamba Lushoto mwezi wa saba watoto wanakwenda shule na sweta, ukungu unaingia darasani, na kwamba wazungu wa zamani walikuwa wakikimbia joto la Tanga na kupanda kule kupunga upepo, na kwamba babu yake mwenyewe aliwabeba mabegani kwenye machila. Hewa ya namna hii ndiyo aliyozaliwa nayo. Naye kasema hapana, kwa sababu bosi alitaka kusikia hapana. Nikamwona mwongo, tena mwoga. Mtoto wa miaka kumi ni hakimu mbaya sana. Anajua sheria zote, na hajui kesi hata moja.

Asubuhi ya siku ya nne niliamka nikamkuta mama amekaa kitandani amejifunika kanga kichwani. Macho yalikuwa yamevimba. Akaniambia ni kichwa, ni ule urefu wa mlima unaomsumbua yeye na Linda pia. Akasema nivae, nikale, nisiende mbali. Chini mezani nilimkuta Craig peke yake na joho lake, ameanza kimya chake, mbele yake maganda ya mayai yamepangwa kwenye sahani. Nilikunywa uji wao wa nafaka za njano, ambao baba aliusifu kila siku kwa sababu ulimkumbusha uji wa kwao. Baba mwenyewe hakuwepo. Craig akaniandikia kikaratasi: *Baba yako ametoka kutembea.*

Nikatoka kumtafuta. Kulikuwa na ngazi ndefu za mawe zinazopanda kuelekea hekalu moja, na asubuhi kama ile zilikuwa zimejaa mahujaji. Hao tulikuwa tumewaona tangu siku ya kwanza. Wanatembea hatua tatu, wanapiga magoti, wanalala chini kifudifudi, paji la uso linagusa jiwe, kisha wanainuka na kwenda hatua tatu nyingine. Mara ya kwanza nilidhani wanaanguka, nikamwuliza mama kwa nini hakuna anayewapeleka hospitali. Mama akanieleza kwamba ndivyo wanavyomwomba Buddha, na sisi hatufanyi hivyo.

Basi nikamwona baba. Alikuwa kwenye ngazi hizo, katikati yao, na koti lake la kukodi, amelala kifudifudi. Paji lake la uso lilikuwa juu ya jiwe. Mahujaji walimpita kulia na kushoto, wanainuka, wanalala. Yeye hakuinuka. Mabega yalikuwa yanatikisika kidogo, midomo inacheza juu ya jiwe, na nilidhani anasali kwa haraka, kama wanavyosali watu wanaotaka kitu sana. Kando yake bibi mmoja mzee wa Kichina, mwenye vitambaa vinene vilivyofungwa magotini, alikuwa ameacha safari yake na kuchuchumaa akimsubiri. Baba alipoinua kichwa, bibi yule akachukua ncha ya mkono wa nguo yake, akampangusa vumbi kwenye paji la uso, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. Nikajua ndivyo wanavyobatiza. Nikajua baba amemwacha Yesu ili Craig asaini.

Halafu nikasikia mlio wa kamera. Craig alikuwa amenifuata, kimya kama alivyojiapia, na alikuwa anapiga picha.

Nilikimbia kurudi chumbani. Sikumwambia mama, kwa sababu nilidhani huzuni ingemuua. Jumatatu tuliteremka, mashine ikawashwa, wateja wakapiga makofi, Craig akatoa hotuba. Siku chache baadaye tulikuwa Brooklyn Park, na jioni ya kwanza baba akaniketisha kwenye kochi, akanishika mikono yote miwili, akaniambia Bibi wa Lushoto amefariki.

Watu wa kanisani walikuja na vyakula, wakaimba, wakajaza viatu mlangoni. Nami nilikaa kati ya akina mama nikiwa na hakika moja. Baba alisujudia sanamu, Mungu akakasirika, akamchukua mama yake. Hakuna aliyenieleza Bibi alifariki siku gani, nami sikuuliza. Nilikuwa na jibu langu.

Nililibeba jibu hilo tangu majani yalipoanza kubadilika rangi hadi theluji ilipofunika maegesho. Tuliposhikana mikono kusali kabla ya kula, nilimpa baba vidole viwili tu. Alipozungumza nami kwa Kiswahili, ambacho nilikuwa nakielewa chote, nilimjibu kwa Kiingereza, tena kile cha mkato. Nilikuwa na hofu kwamba Mungu hajamaliza na kwamba anayefuata ni mama. Kila alipokuwa kazini nilikaa dirishani kuangalia gari lake likitokea upande wa Coon Rapids, na likichelewa nilikuwa napatana na Mungu kwa kumtajia makosa ya baba ili ajue mimi siyaungi mkono. Baba aliona nimebadilika. Aliniuliza mara moja, "Penina, mwanangu, nimekukosea nini?" Nikasema, "Nothing," nikaingia chumbani.

Krismasi ilifika na Lushoto hatukwenda. Craig alikuwa bado hajasaini. Ila Januari alitualika nyumbani kwake Golden Valley, chakula cha mchana, pamoja na wenzake wa kazini kama kumi, aonyeshe picha za safari. Mama alisema hatoki. Baba akasema, "Mama Penina, tafadhali," na mama akavaa.

Sebule ile ilikuwa na joto la kupita kiasi na mishumaa yenye harufu. Craig alikuwa amening'iniza shuka jeupe ukutani. Tulikula makaroni na jibini kwenye sahani tulizoshika mapajani, na picha zikaanza kupita. Mnara mweupe. Craig na joho. Craig na joho, kwa pembeni. Vilele. Mtawa aliyeonekana wazi kwamba hakutaka kupigwa picha. Watu waliguna kwa heshima. Kisha ukuta mzima ukajaa zile ngazi, na koti la kijani, na baba yangu kifudifudi.

"Huyu hapa," Craig alisema, na sauti yake ikalainika, "alinifundisha kuliko watawa wote. Mlutheri wetu, Elia. Hakuna aliyemwambia afanye hivi. Mlima ulimshika tu, akaachilia kila kitu. Mimi nimekaa kwenye mto wangu mwaka mzima sijafika hapo."

Watu wakamgeukia baba wakitabasamu. Mwanamke mmoja akaweka mkono kifuani. Mimi niliangalia sahani yangu nikiungua masikio.

Baba akaweka sahani yake chini, kwenye zulia. Alizungumza Kiingereza chake kile cha polepole, cha chuoni.

"Craig, asubuhi ile mama yangu alikuwa amefariki."

Baba aliendelea, akimtazama yeye, si ukuta.

"Mdogo wangu alinipigia simu alfajiri. Nilikuja kukwambia mezani. Nilikwambia wako tayari kunisubiri na mazishi, siku mbili tatu tu. Ulisema mpaka baada ya Jumatatu. Ulisema nipo mahali pazuri pa kuomboleza. Ulikuwa unamenya yai."

Nimeufikiria uso wa Craig mara nyingi tangu siku hiyo. Ningependa kusema alishtuka kama mtu aliyekamatwa. Angekuwa mwongo, ningemchukia tu, na chuki ina heshima yake, inamhesabu mtu. Lakini hakuwa mwongo. Alikuwa amesahau. Nilimwona anatafuta kichwani kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo, na nikaona hazipo. Mtu alimwambia kwamba mama yake mzazi amekufa, naye akaliweka neno hilo pamoja na maganda ya mayai.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Ndiyo, ndiyo. Bila shaka. Ndiyo maana picha hii ina nguvu kiasi hiki."

Akabonyeza. Ikaja picha ya bakuli la uji.

Mama alisimama. "Penina, chukua koti lako." Alisema kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu wote, na tukatoka. Linda alitufuata hadi mlangoni akisema hakujua, hakujua, na huenda kweli hakujua. Mama alimwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Mtaniuliza kama Craig alisaini. Alisaini, kabla theluji haijaisha, kwa kalamu ile ile aliyoandikia vikaratasi vya kahawa, na juu ya barua yake akaandika kwamba baba ni mtu mwenye utulivu wa pekee. Wiki ambayo kadi zetu za ukaazi zilifika, baba aliacha kazi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule tulikuwa ndani ya gari tu, hita inanguruma, theluji chafu pembeni mwa barabara. Tulipokaribia Brooklyn Park mimi nikaanza kulia kwa sauti, kilio kibaya, cha kwikwi.

"Nilidhani ulikuwa unaabudu sanamu," nikasema. "Nilidhani ndiyo maana Mungu alimuua Bibi."

Mama akageuka kwenye kiti chake. Baba akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akalisimamisha mbali na pampu, akashuka. Alizunguka hadi upande wangu, akafungua mlango, akachuchumaa kwenye theluji na viatu vyake vya kanisani.

"Tangu lini unafikiri hivyo?"

"Tangu siku ile."

"Miezi yote hii? Peke yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Pole," akasema. "Pole sana, mwanangu. Tulitaka ufike nyumbani kwanza ndiyo uambiwe. Tulikosea." Akashusha pumzi, ikatoka nyeupe. "Nilitoka nje nikalie. Kila mahali palikuwa na watu, na mama yako alikuwa hataki uone. Nikaona wale wamelala chini na hakuna anayewauliza kitu. Nikalala na mimi."

"Lakini ulikuwa unasema maneno. Nilikuona."

Nilisema hivyo kwa Kiswahili. Nadhani hakuna kati yetu aliyeliona hilo wakati ule. Baba alinitazama kama mtu anayepima kama kitu kile kinaweza kubebwa na mtoto.

"Nilikuwa namwambia Bibi yako," alisema, "mama, nisamehe, sijapewa ruhusa."